Korogwe hawana kosa, ni seva yako ya Tanga inasinzia

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, ngoja nilirudie kwa kifupi ili na wengine wafuate. Upo Tanga mjini, ofisi inapokea mizigo ya wakulima na kuisambaza, mfumo ni wa Java 8, nodi, yaani seva, mbili zipo hapo hapo Chumbageni na ya tatu ipo Korogwe, zinatumia ZooKeeper, programu ya kuratibu seva zinazofanya kazi pamoja, kuchagua nani awe kiongozi. Kila siku mida ya saa nne asubuhi wahasibu wakivuta ripoti nodi moja inapotea kwenye klasta, yaani kundi la nodi, logi zinajaa Connection reset na timed out, baada ya kama dakika moja inarudi yenyewe utadhani haijafanya kitu, na wiki hii mmekuta risiti zimetoka mbili mbili. Umepandisha hipu, ile memori ya kuwekea vitu vya Java, kutoka giga 8 hadi 24, ikazidi kuwa mbaya. Jamaa wa mtandao anasema faiba iko safi, bosi anasema jamaa wa mtandao muongo, we upo katikati unapigwa pande zote.

Jamaa wa mtandao hajadanganya. Kamuombe radhi kabla hujaendelea kusoma, maana utamuhitaji huko mbele.

Unaijua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi. Maduka yanafungwa, mwenye duka yupo nje ameshika fagio, mteja akija anakuta mlango umefungwa, anagonga, kimya, anaondoka anaenda kuwaambia wenzake yule jamaa kafunga biashara kahama. Hajahama bwana, anazoa taka tu, akimaliza anafungua anashangaa wateja wote wapo duka la pili. Java ndo inavyofanya ikijaa memori. Mzoa taka wake, yaani GC, kwenye zile raundi kubwa anasimamisha thredi zote za programu, yaani wafanyakazi wake wote wa ndani, hamna inayosogea hata mstari mmoja mpaka amalize. Na katika hizo thredi zilizosimama imo ile inayotuma ujumbe wa "nipo hai" kwa ZooKeeper. ZooKeeper haioni moyo ukipiga, inahesabu sekunde, muda ukiisha inatangaza msiba. Maiti yenyewe iko hai, imelala tu.

Sasa kwanini ping, ile amri ya kupima kama mashine inafikika, inajibu wakati huo huo? Kwa sababu anayejibu ping ni kerneli, yaani kiini cha Linux, sio Java. Kerneli haijalala, hata ukifungua koneksheni mpya ya TCP kerneli inakupokea vizuri inakuweka kwenye foleni, wewe unaona umeunganishwa, ila ndani hamna mtu wa kukuhudumia. Ndo maana jamaa wa mtandao kila akipima anaona kijani, na anachokiona ni kweli kabisa. Kitu hiki kimegombanisha watu kwenye maofisi mengi kuliko hata posho.

Mstari ulionimalizia kazi ni ule wa logi ya GC uliouweka mwishoni, nashukuru sana uliuweka, maana wengi wanatuma picha ya skrini imekatwa nusu. Unasema user=19.42 sys=6.10, real=41.87 secs. Tuusome taratibu. real ni muda wa saa ya ukutani, yaani programu yako ilisimama karibu sekunde 42. user na sys ni muda ambao CPU imefanya kazi kweli, ukizijumlisha kori zote, yaani vichwa vyote vya CPU. Umesema seva ina kori nne, na Java 8 kwenye seva ya namna hiyo kama hukuchagua kitu inatumia mzoa taka anayeitwa Parallel, huyu anagawa kazi kwa kori zote, kwa hiyo kawaida ungeona user imezidi real, mara mbili, mara tatu. Kwako ni kinyume. Kazi ya CPU ni sekunde 25 na ushee, muda uliopita ni 42, na kazi ya watu wanne ilitakiwa iishe haraka zaidi ya hapo. Sasa hizo sekunde zingine thredi zilikuwa zinasubiri nini? Kwa uzoefu wangu nakuambia bila kupepesa macho, zilikuwa zinasubiri diski. Seva ina ram ya giga 32, umeipa Java 24, na databesi iko mashine hiyo hiyo, halafu Java yenyewe haili hipu peke yake, kuna metaspace inayotunza maelezo ya klasi, kuna bafa za nje ya hipu, kila thredi inakula steki yake ambayo kwa kawaida kwenye Linux ya biti 64 ni mega 1. Jumla imevuka, Linux ikaanza kuhamisha kurasa za memori kwenye swapu, yaani sehemu ya diski inayosaidia ram. GC ya raundi kubwa inapita kwenye kila kitu kilicho hai kwenye hipu, hata vile ambavyo havijaguswa tangu juzi, kwa hiyo kila ukurasa uliopelekwa kwenye diski lazima urudishwe. Ndo maana ulipoongeza hipu ukazidisha ugonjwa. Usichukue neno langu tu, kesho saa nne kasoro washa vmstat 1, amri inayoonyesha hali ya memori kila sekunde, na utazame safu za si na so, yaani kinachorudi kutoka swapu na kinachokwenda swapu, zikianza kutoa namba badala ya sifuri basi jibu unalo.

Kabla ya hapo kuna jambo la saa, na hili nalisema kwa machungu. We umeniandikia saa nne, logi ya Korogwe inasema 10:04, logi ya nodi iliyo kwenye kontena (boksi la programu kama Docker, sio la mizigo) inasema 07:04. Hayo sio matukio matatu, ni tukio moja. Kontena nyingi zinaandika kwa UTC, saa ya kimataifa, sisi tupo mbele masaa matatu, na mdomoni tunahesabu tangu jua lilipochomoza. Niliwahi kukaa na vijana wawili wanabishana nusu saa nzima, mmoja anasema tatizo linatokea asubuhi, mwingine anasema alfajiri, na kila mmoja ana logi mkononi. Weka mashine zote kwenye chrony saa zilingane, na logi zote ziandike ukanda wa saa mwisho wa kila mstari. Halafu chukua logi ya GC na logi ya ZooKeeper uziweke pamoja zipange kwa muda. Nimekufanyia kwa vipande ulivyotuma, inasomeka hivi: 10:04:11 GC kubwa inaanza kwenye nodi ya kwanza, kwenye Java 8 muda unaoandikwa ni wa kuanza sio wa kumaliza. Sesheni, yaani muda ambao ZooKeeper inavumilia kimya, umeiweka sekunde 10, kwa hiyo 10:04:21 na kidogo ZooKeeper inaifuta, sekunde moja baadaye Korogwe anakuwa kiongozi. 10:04:53 nodi ya kwanza inaamka. Mstari unaofuata hapo hapo ni Client session timed out, have not heard from server in 41902ms. Umeona hiyo namba? Ni ile ile sekunde 41.87 ya GC na vumbi kidogo juu. Mteja, yaani Java ya nodi yako, analalamika hajasikia kutoka kwa seva ya ZooKeeper, kumbe aliyekuwa haskii ni yeye.

Najua mkono unakuwasha kuongeza taimauti ya sesheni. ZooKeeper ina mipaka yake, kama hujabadilisha konfigi sesheni haiwezi kuzidi mara 20 ya tickTime, kipimo chake cha msingi cha muda, na tickTime ya kawaida ni milisekunde 2000, kwa hiyo hata ukiomba dakika tano utapewa sekunde 40. Umesimama 42. Na hata ungepewa, maana yake nodi ikifa kweli, umeme umekatika kweli, mtakaa sekunde 40 hamna kiongozi. Taimauti kubwa ni kuongeza matandiko juu ya kunguni.

Sasa tuje kwenye risiti mbili mbili, na hapa ndo nataka utulie, maana haya mengine yote ni usumbufu ila hili ni pesa.

Thredi iliyosimamishwa na GC haijui kwamba ilisimamishwa. Ilikuwa mstari wa 120 imeuliza "mimi ni kiongozi?" ikajibiwa ndiyo, kabla haijafika mstari wa 121 wa kuandika risiti, ikagandishwa. Sekunde 42 zimepita, Korogwe kapewa uongozi, kachukua foleni ile ile ya kazi, kaandika risiti ya mzigo ule ule. Nodi ya kwanza inaamka, kwake haijapita hata sekunde, jibu la "ndiyo" bado liko mkononi, inaendelea mstari wa 121 inaandika risiti ya pili. Na haifanyi kosa lolote kwa namna kodi, yaani maandishi ya programu, ilivyoandikwa. Kuna watu watakuambia ongeza ukaguzi, uliza tena kabla ya kuandika. Haisaidii, maana GC inaweza kukukamata katikati ya ukaguzi wa pili na uandishi vile vile, utakuwa umepunguza bahati mbaya tu hujaiondoa.

Dawa yake ni namba ya zamu. Kila kiongozi mpya anapochaguliwa anapewa namba kubwa kuliko ya aliyetangulia, ZooKeeper tayari inakupa namba zinazopanda, huna haja ya kubuni. Kila anachoandika kwenye databesi anakiambatanisha na namba yake, na databesi ndo inakuwa mlinzi wa mlango, inakumbuka namba kubwa iliyowahi kuiona, ikija yenye namba ndogo inaikataa. Nodi iliyoamka inakuja na zamu ya 17, databesi imeshaona 18, inaambiwa rudi. Uzuri wa mlinzi huyu yupo upande wa pili, hajali nani kalala nani kaamka. Pamoja na hiyo, weka kizuizi cha upekee kwenye namba ya mzigo, ili hata ikitokea kioja kingine risiti ya pili igome kuingia. Hili la kizuizi ni mstari mmoja wa SQL, na ukilifanya leo wahasibu watapumua hata kabla hujagusa Java. Ila kwanza usafishe zile mbili mbili zilizokwisha kuingia, la sivyo databesi itakugomea.

Haya, memori inajazwa na nini? Umesema inatokea wakati wa ripoti, na nina wasiwasi na jambo moja ambalo limewaunguza wengi. Draiva ya PostgreSQL, yaani kiunganishi cha Java na databesi hiyo, ukiiomba select inaleta matokeo yote kwa mkupuo inayaweka kwenye memori, hata kama we unasoma mstari mmoja mmoja kwenye kitanzi. Kuweka setFetchSize, idadi ya mistari ya kuleta kwa mara moja, peke yake hakusaidii, lazima na autocommit, ile ya kuthibitisha kila amri papo hapo, iwe imezimwa ndo inaanza kuleta kwa mafungu. MySQL nayo ina tabia hiyo hiyo, yake unawekea Integer.MIN_VALUE kwenye fetch size, ajabu lakini ndo ilivyo. Sasa mhasibu akiomba msimu mzima wa machungwa ya Muheza, mistari yote inaingia kwenye hipu, halafu mnatengeneza Excel. Kama mnatumia Apache POI, maktaba ya Java ya kuandika Excel, na ni XSSFWorkbook, kitabu kizima kinajengwa ndani ya memori, hamia SXSSFWorkbook, yeye anabaki na mistari michache mkononi, kawaida 100, mingine anaitema kwenye faili. Wahasibu watatu wakibonyeza kwa pamoja saa nne kabla ya chai, unategemea nini?

Kuhakikisha, amri ya jmap -histo itakuonyesha aina gani ya vitu imejaa. Usiweke neno live mbele yake mchana, hilo linalazimisha GC kubwa hapo hapo, utakuwa daktari unayemsukuma mgonjwa ngazini. Dampu ya hipu, yaani nakala yake nzima kwenye faili, nayo inasimamisha programu, piga jioni watu wakishaondoka, halafu ifungue na Eclipse MAT, programu ya kuichambua, kwenye mashine nyingine, tazama ule mti wa nani kamshikilia nani.

Una ugonjwa wa pili pia, ni kama kwenda zahanati ukaambiwa una malaria na taifodi. Ule ulioutaja pembeni, kwamba Ijumaa baada ya swala ombi la kwanza la Korogwe linaganda. Hilo halina uhusiano na GC, na hapa ndo unamuhitaji jamaa wa mtandao. Soketi yenu, yaani njia ya mazungumzo kati ya Korogwe na Tanga, inakaa wazi, watu wakienda msikitini na kula hamna kinachopita zaidi ya saa nzima, faiwoli (mlinzi wa mtandao) katikati inaona kimya inaifuta kwenye daftari lake bila kuaga. Pande zote mbili zinaamini bado zimeunganishwa. Mkirudi mnaandika, data inaenda kwenye shimo, na Java inakaa kwenye kusoma milele, maana soketi ya Java kama hukuiwekea setSoTimeout haina kikomo cha kusubiri. Keepalive ya Linux, ile ya kuuliza "bado upo?", ungesema itaokoa, kwanza lazima uiwashe kwenye soketi, pili inaanza kuuliza baada ya sekunde 7200, masaa mawili, faiwoli ilishafuta zamani. Muulize jamaa faiwoli inavumilia kimya dakika ngapi, ushushe tcp_keepalive_time chini ya hapo, na uweke setSoTimeout. Ukipiga jstack, amri ya kuonyesha thredi zinafanya nini, wakati imeganda utaona thredi ipo socketRead0 na imeandikwa RUNNABLE, usidanganyike ukadhani inachapa kazi, Java inaandika hivyo hata ikiwa inasubiri mtandao tu.

Maneno ya makosa nayo yasome kila moja peke yake, usiyaite yote "tatizo la koneksheni". Connection refused ni kwamba mashine ipo ila hamna aliyefungua mlango huo, programu imekufa au haijawaka. Timed out ni kimya. Connection reset na Broken pipe ni kwamba mwenzako alishafunga wewe bado unaongea, na ndo hizo zako za 10:04:53, nodi imeamka inaendelea na mazungumzo ambayo wenzake waliyakatia tamaa nusu dakika iliyopita. Zile CLOSE_WAIT, soketi ambazo upande wa pili umeshafunga na wewe bado, ulizoziona kwenye ss, amri ya kuorodhesha soketi, kama zinazidi kila siku, ni kodi yenu haifungi soketi, usimsingizie mtu. Na ile ya HikariCP, puli inayotunza koneksheni za databesi, inayosema Connection is not available, request timed out after 30000ms, usiijibu kwa kupandisha puli kutoka 10 hadi 200. Ni foleni iliyosababishwa na ripoti nzito zilizoshika koneksheni zote, ukifungua milango 200 databesi ndo itapiga magoti.

Nikupe kisa changu kidogo. Zamani nilikuwa kwenye kampuni moja ya mizigo, mfumo unaganda kila baada ya saa moja, saa moja kamili, unaweza kuswali nayo. Nilipanda basi mpaka Horohoro kukagua swichi, nikabadilisha kebo mbili, nikalala huko, asubuhi ikaganda kama kawaida. Kumbe mfumo ulikuwa unatumia RMI, njia ya Java moja kuita kodi iliyo kwenye Java nyingine, na RMI ina uzoaji taka wake wa kimtandao ambao kwa kawaida unaita System.gc() kila milisekunde 3600000. Ni saa moja hiyo. Kwenye logi ilikuwa imeandikwa waziwazi Full GC (System.gc()), mimi sijawahi hata kuifungua hiyo logi. Kwa hiyo na wewe ukiona neno hilo kwenye mabano usizime kwa DisableExplicitGC haraka haraka, bafa za nje ya hipu wakati mwingine zinategemea mwito huo kujisafisha, bora ExplicitGCInvokesConcurrent, inayofanya uzoaji huo programu ikiendelea, ukishakuwa kwenye G1, mzoa taka mwingine ninayemtaja hapo chini, au urefushe vipindi vya RMI.

Mipangilio sasa. Rudisha hipu giga 8, Xms na Xmx (hipu ya kuanzia na ya juu kabisa) ziwe sawa, weka -XX:+UseG1GC. G1 anajaribu kusimama vipande vifupi, lengo lake la kawaida ni milisekunde 200, ni lengo tu sio ahadi. Ujue kwamba G1 anagawa hipu vyumba, kwa giga 8 kila chumba ni kama mega 4, na kitu kimoja kikifika nusu ya chumba kinawekwa peke yake kwa njia ya gharama, kwa hiyo safu ya baiti ya Excel, tuseme ya mega 30, itakusumbua mpaka urekebishe ripoti. Mitandaoni utakuta ushauri wa kuweka CMS, mzoa taka wa zamani, uache, iliondolewa kabisa Java 14 mwaka 2020. Mkipata nafasi hamieni Java 21, kuna ZGC ya vizazi humo, mzoa taka anayesimama kidogo sana, ila siku mnahama kumbuka kufuta PrintGCDateStamps, ile ya kuandika tarehe kwenye logi ya GC, kwenye skripti, kuanzia Java 9 ukiibakiza Java haiwaki kabisa, logi inaombwa kwa -Xlog:gc*. Na databesi itafutieni mashine yake, hata ya mtumba.

Mpangilio wangu kwako ni huu, usiku wa leo kizuizi cha risiti, kesho usiku ukishatazama vmstat ndo hipu giga 8 na G1, usiguse kingine chochote, ukigusa vitano hutojua kipi kimeponya. Keshokutwa saa nne na robo tazama real kwenye logi ya GC, pamoja na ile safu ya si kwenye vmstat. Kama real bado inavuka sekunde 2 nitumie histo na kodi ya ripoti, sio picha ya skrini tafadhali, faili.